Mrija wa Odoi

Tulimzika Mama Perusi huko Masinya, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi wakati wanawe walipoanza kunitafuta kwa macho. Nilijua wanataka nini. Chungu cha malwa, pombe yetu ya wimbi, kilikuwa kimekwisha wekwa chini ya turubai, wazee wamekwisha vuta viti, na katika ukoo ule wote hapakuwa na msichana mmoja aliyejua kushika birika. Wasichana wa siku hizi wanamimina maji kwenye chungu kama watu wanaozima moto wa nyumba. "Shangazi Nafula," mmoja akaniambia, "tusaidie, wazee wanakauka." Nikajifunga leso kiunoni, nikalipokea birika. Lilikuwa lile lile la ujana wangu. Kitako cheusi, mkono umezungushiwa waya, na ubavuni lina bonde ambalo ni wachache tuliobaki tunaojua limetoka wapi.

Mume wangu Odoi alikuwa amekwisha kaa, kichwa amekigeuza kidogo kama kuku anayetazama punje, ili lile sikio lake la kulia liwapate watu. La kushoto halijasikia kitu tangu tulipokuwa vijana. Akatoa mrija wake kwenye ala yake ya kitambaa, akaufuta, akautumbukiza. Ndipo nikamwona anakuja Mheshimiwa Eriya Mangeni, na fimbo yake, na kijana nyuma yake amebeba kiti chenye mgongo. Mzee sasa, shingo imekonda ndani ya kola. Serikali zimekuja na zimeondoka na yeye yupo tu, kama kunguni kitandani. Akaketi upande wa pili wa chungu, mkabala na Odoi, akaomba mrija. Watu huniambia, mambo ya zamani yaache, Nafula. Nimegundua kwamba wanaosema hivyo ni wale ambao hawakupigwa. Mimi nitayasema, na majina nitayataja.

Mwaka ninaousema, bendera zilikuwa bado mpya pande zote mbili za mpaka, hata rangi hazijapauka. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, niliyeishia darasa la tatu. Nilikaa kwa Mama Perusi pale Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ya kwenda Tororo, nikimfanyia kazi katika nyumba yake ya malwa. Kilikuwa chumba kimoja kirefu cha udongo, na madirisha mawili madogo ambayo Mama Perusi alisema yanatosha, kwa sababu mlevi akipewa dirisha kubwa hutaka kutokea hapo. Asubuhi kilinuka majivu na wimbi lililokaangwa. Mchana kilinuka ugali wa wimbi na nyama ya moshi iliyopikwa kwa njugu za kusaga, na hadi leo nikisikia harufu ya njugu ikipanda kwenye sufuria, naona miguu ya wazee wale imenyooshwa kuzunguka chungu, viatu vimevuliwa, vidole vinapumua. Mirija ilining'inia darini, mirefu kuliko mtu, kila mmoja na alama yake ya uzi. Kuiosha ilikuwa kazi yangu, na kuipuliza, maana mrija ulioziba humfanya mzee mwenye heshima zake anyonye mpaka macho yamtoke.

Lakini kazi kubwa ilikuwa maji. Asiyejua hudhani pombe ile imo ndani ya chungu, inangoja. Hapana. Kilichomo ni wimbi tu, limechacha, limelala. Maji ya moto ndiyo huliamsha. Ukimimina ya uvuguvugu, chungu kinakufa. Ukimimina mengi, umewanywesha watu mvua. Na yakiwa yanachemka hasa, mnywaji anayejua hungoja; hutazama mvuke mpaka utulie, ndipo anavuta. Asiyengoja tulimtambua kwa machozi. Kwa hiyo msichana mwenye birika, ingawa hakuna aliyemwita kwa jina, wote walimtegemea kama mtoto anavyotegemea titi.

Na kulikuwa na desturi moja pale ambayo haikuandikwa popote. Mtu akifanya jambo ovu, tuseme amempokonya mjane ng'ombe, hakuna aliyemwambia toka. Alikuja, akaketi, akatumbukiza mrija wake, na wenzake wakachomoa yao, mmoja baada ya mwingine, bila neno. Anabaki na chungu kizima peke yake. Nilimwona mmoja akifanyiwa hivyo. Alivuta mara moja, akatazama huku na huku, akaondoka, na mwezi haukuisha kabla hajahama.

Siasa nayo ilikuwa na viti vyake. Waliokaa upande wa mlango walikuwa watu wa Ngoma, na waliokaa upande wa ukuta walikuwa watu wa Kinu. Hizo zilikuwa alama zao za kura. Vyama vyenyewe vimekufa, sina haja ya kuvifufua. Msemaji wa mlangoni alikuwa Mzee Omuse, Mteso mrefu aliyewahi kufanya kazi ya reli Tororo. Msemaji wa ukutani alikuwa Mzee Ojiambo, mchinjaji wa ng'ombe, Msamia, kifua kama gunia. Omuse alikuwa amemwoa dada yake Ojiambo, kwa hiyo walikuwa na ruhusa ya kutukanana, na ruhusa ile hawakuiacha ipate kutu. Katikati yao, asiye wa mlango wala wa ukuta, alikaa Odoi.

Odoi alibeba watu kwa baiskeli, kutoka kizuizi cha huku mpaka kizuizi cha kule, yeye na wenzake wachache wakipiga kelele "boda, boda" mpaka Mama Perusi akasema atawamwagia maji. Alikuwa ameshona mto mzuri wa sponji kwenye kiti cha nyuma. Kadi ya chama hakuwa nayo. "Baiskeli haina chama," alisema. "Mtu ya Ngoma nabeba, mtu ya Kinu nabeba, hata kuku yao nabeba." Kila akitoka upande wa Kenya alinipitishia dagaa wamefungwa kwenye jani. "Wameanguka kwenye baiskeli," alisema, na macho yake hayanitazami. Dagaa wale walikuwa wakianguka kila wiki. Mama Perusi aliwatazama, akanitazama, akasema, "Baiskeli hiyo itaanguka mpaka ifike kwa baba yako."

Sasa, Tororo kulikuwa na ofisi moja ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Wazungu walikuwa wameianzisha, na waliporudi kwao waliiacha pamoja na viti. Ilikuwa na watu wake wa siri vijijini na sokoni, wa kusikiliza nani anasema nini, na kupeleka. Tuliwaita masikio. Kwamba masikio yapo, tulijua. Yamo kwenye vichwa vya nani, hatukujua, na kwa sababu hiyo tuliishi vizuri tu. Katika ofisi ile alifanya kazi karani mmoja, Zefania Oketcho, mtu wa Nabuyoga, nywele amezichana katikati kama barabara. Zefania alitaka cheo. Watu wa Ngoma wakamwahidi, naye akaenda kumnong'oneza diwani wao majina ya masikio mawili. Diwani huyo ndiye Eriya Mangeni.

Eriya alipanda juu ya lori pale sokoni, siku ya soko, watu wamejaa, na akayataja. Mmoja fundi cherehani, mwingine mpiga kengele wa kanisa. Wote wawili watu wa Kinu. Majina yao siyataji, kwa kuwa wana wajukuu na hawakunikosea kitu. Watu walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Jioni ile chungu kilichemka kabla sijamimina hata tone.

"Shemeji," Omuse akaanza, akiufuta mrija wake polepole ili utamu usiishe haraka, "umesikia? Nyumba nafagiliwa. Takataka yote natoka upande ya ukuta."

"Nimesikia mtu amemwaga siri ya serikali sokoni kama maji ya kuoshea matumbo," Ojiambo akajibu. "Nchi gani hii inayojikata masikio, ikayaanika juani? Kesho mwizi akija, nani atasikia?"

"Mwananchi iko na haki kujua nani nasikiliza yeye!"

"Wewe nani akusikilize, Omuse? Hata dada yangu ameacha."

Tulicheka mpaka Odoi akapaliwa. Ilikuwa raha, sikatai. Mwalimu Kostanti Wandera, mkubwa wa Kinu pale kwetu, alikuja mwenyewe kesho yake, akasimama mlangoni kwa sababu hakunywa, akasema kwa Kiswahili cha kanisani kwamba anayefichua mtumishi wa siri ni msaliti, na kwamba siri ya nchi ni kama uchi wa mama. Watu wa ukutani wakapiga meza. Meza haikuwapo, walipiga ukuta, udongo ukaanguka kwenye chungu.

Lakini Zefania hakupewa cheo chake. Ngoma walimwambia ngoja kidogo, na Zefania hakuwa mtu wa kungoja. Akamwendea huyo huyo Mwalimu Kostanti na majina mengine mawili, ya watu wa Ngoma safari hii. Na Mwalimu, yule wa uchi wa mama, akapanda lori lile lile, kwenye soko lile lile, akayataja yote mawili na kuyarudia ili waliosimama nyuma wasikose. Nakumbuka jioni hiyo kama jana, kwa sababu nilikuwa nimesimama na birika, na nilisikia kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni uchovu wangu.

"Hii ni uharibifu!" Omuse alikuwa anapiga kelele. "Siri ya serikali namwagwa sokoni kama maji ya kuosha matumbo! Mwizi akija nani nasikia?"

"Mwananchi ana haki ya kujua," Ojiambo akasema, mikono amekunja juu ya kifua, mpole kama padri. "Acha nyumba ifagiliwe, shemeji."

Neno kwa neno. Hata matumbo hayakubadilika. Chumba kizima hakuna aliyeona isipokuwa mimi na Mama Perusi, ambaye alitia kichwa kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Wazee wangu," akasema, "si mbadilishane na viti basi? Maneno mmekwisha badilishana." Kisha Omuse akaanza kutikisika mabega, na Ojiambo akamwona anavyotikisika, na wote wakacheka mpaka wakashikana. Lakini kiti hakuna aliyekiacha. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Kila upande ulikuwa na wake wa kumtetea na wa mwenzake wa kumlaani. Yule mpiga kengele alihamia ng'ambo usiku mmoja na mkewe na kuku wake, na Jumapili iliyofuata kengele ililia kama sufuria. Lakini kabla ya kuhama alipata watu wa kubisha kwa ajili yake. Jambo hilo sikulitia maanani mpaka lilipomfika Odoi.

Eriya Mangeni hakuweza kuvumilia kwamba wamekuwa sawasawa, wawili kwa wawili. Akapanda lori mara ya tatu. Mimi sikuwapo, nilikuwa napepeta wimbi. Nililetewa na mpita njia: leo diwani amemtaja Odoi wa baiskeli. Sikio la serikali, amesema, linalobeba watu mgongoni ili lisikie vizuri wanavyosema. Kesho yake vijana wa Ngoma walimngoja karibu na kizuizi. Walikunja gurudumu la mbele, wakapasua mto wa sponji kutafuta karatasi za siri, wakakuta sponji. Halafu mmoja akasema, kama ni sikio, basi tulipige sikio. Walimpiga la kushoto kwa rungu. Walimwambia wakimwona tena barabarani watamaliza na la pili, na wasipomwona barabarani watakuja nyumbani na kiberiti.

Alikuja kwa Mama Perusi mchana, amefunga kitambaa kichwani, damu imekauka shingoni. Nilitaka kumshika mkono lakini chumba kilikuwa kimejaa. Alinyoosha mkono darini, akatoa mrija wake wenye uzi mwekundu, akaketi mahali pake pa katikati, akautumbukiza.

Mzee mmoja wa mlangoni akachomoa wake. Wa pili akafuata. Nikatazama upande wa ukuta, nikasema moyoni, sasa watambishania, sasa Ojiambo ataanza na matumbo yake. Ojiambo akachomoa. Omuse akachomoa wa mwisho, macho yametazama chini. Kwa mara ya kwanza mwaka ule Ngoma na Kinu walikubaliana. Hakuwa na chama, basi hakuna aliyepoteza kura kwa kumwacha. Odoi alibaki na mrija mmoja ndani ya chungu kizima, na hakuvuta. Alinitazama tu. Nilielewa kwamba akitoka kwenye mlango ule atatoka pia Busia, na dagaa hawataanguka tena.

Nililitua birika juu ya jiwe la mlangoni. Nililitua kwa nguvu. Ndilo bonde lile. "Maji yameisha," nikasema.

"Binti, si nasikia nachemka huko jikoni," Omuse akasema.

"Yanachemka, lakini yameisha. Mpaka mtu mmoja aniambie Odoi alimpeleka nani Tororo. Nani hapa alikamatwa kwa mdomo wa Odoi? Amseme. Nitamimina hapo hapo."

"Mama Perusi!" Ojiambo akaita. "Msichana wako ameota pembe!"

"Nimeziona," Mama Perusi akajibu kutoka jikoni. "Zinampendeza. Mjibuni."

Walikaa. Nje jua lilikuwa kali, na chungu kilianza kupoa. Unakijua kwa harufu, inakuwa chachu. Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akasema pengine alipeleka mambo madogo madogo. "Yepi?" nikauliza. Hakujua. Mwingine akasema diwani hawezi kusema uongo juu ya lori. Hapo Ojiambo, mtu wa Kinu, akacheka bila kupenda, na Omuse, mtu wa Ngoma, akamwambia, "Unacheka nini? Ile mwalimu yako mbona napanda lori hiyo hiyo?" Ojiambo akamjibu, "Nacheka kwa sababu huyu kijana amenibeba miaka yote hii, na nimemtukana diwani wako mgongoni pake kila safari, na bado sijakamatwa. Kama ni sikio, ni sikio la mbao."

Halafu Omuse akainama, kile kiwiliwili chake kirefu chote, akaurudisha mrija wake ndani ya chungu karibu kabisa na ule wenye uzi mwekundu. "Leta maji, binti," akasema. "Na wewe Odoi, kunywa. Kesho utanibeba." Mirija ikarudi, mmoja mmoja. Nilimimina, na Odoi alipovuta machozi yalimtoka, na wote tukajifanya ni ya maji ya moto.

Kesho yake gurudumu likanyooshwa kwa nyundo ya reli ya Omuse, na kilichofuata watu wa Busia nzima walitoka kukitazama. Omuse alipanda nyuma ya baiskeli, magoti yanakaribia masikio, akabebwa mpaka kizuizini. Vijana walikuwapo. Aliyekuwa na rungu alikuwa mwanawe mwenyewe, Ekisa. Namtaja, maana ndiye aliyepiga. Omuse akapitishwa mbele yake polepole kama bibi harusi. "Baba?" Ekisa akasema. "Rudi nyumbani chunga mbuzi," baba akamjibu, "na salimia mjomba yako, nakuja nyuma." Ojiambo kweli alikuwa anakuja, zamu yake, mzito, tairi limelala. Wazee wa mlangoni na wazee wa ukutani walipanda kwa zamu, asubuhi na jioni, hata wasiokuwa na safari. Hakuna kijana atakayempiga mtu aliyembeba baba yake. Mmoja wao alivuka kwenda Kenya, akashuka, akanunua kiberiti, akarudi. Walibishana siasa njiani, wakimpigia Odoi kelele kutoka upande wa kulia, kwa kuwa kushoto hakusikia. Kabla mwaka haujaisha, baiskeli ile ikaanguka mpaka kwa baba yangu, kama Mama Perusi alivyosema, na Omuse na Ojiambo ndio waliokwenda kunichumbia, na walibishana hata huko.

Lakini sikio halikurudi. Wala hakuna aliyekuja kusema, ndugu, tulikosea. Zefania Oketcho alipata cheo chake mwishowe, kutoka kwa chama cha tatu. Mwalimu Kostanti alikufa kitandani kwake kwa amani, jambo ambalo bado linaniudhi. Na Eriya Mangeni akawa mheshimiwa.

Sasa alikuwa hapa, Masinya, mrija wa kuazima mkononi, ananyoosha shingo kuuliza mbona chungu kimekauka. Nilimtazama Odoi, nikingoja achomoe wake. Kama angechomoa, turubai lote lingechomoa, maana waliobaki wanajua. Odoi hakuchomoa. Akasema kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, "Wacha yeye nakunywa. Wewe ndiyo nashika maji."

Chungu ni kimoja. Huwezi kummiminia mtu mmoja ukamnyima mwingine. Nikalitua birika chini, taratibu, nikasema, "Mheshimiwa, maji yapo. Niambie kwanza. Siku ile juu ya lori, nani alikupa jina la Odoi?"

Mheshimiwa alinitazama, nadhani akitafuta mimi ni nani, halafu akamtazama Odoi na kichwa chake cha kuku. Ama uzee humchosha mtu kudanganya, ama aliona kwamba kiu ni kiu. "Hakuna," akasema. "Zefania hakuwa na jina lingine la kunipa. Nilipanda, uwanja ukawa baridi. Watu walikuwa wananingoja." Akaupapasa mrija. "Nikaona baiskeli inapita."

Hayo tu. Miaka yote hii nilikuwa nimemwekea Odoi adui, fitina, njama ya ofisi nzima. Kumbe baiskeli ilipita. Odoi hakulisikia jibu, akaniuliza, "Yeye nasema nini?" Nikamsogelea sikio la kulia nikamrudia. Akafikiri. Kisha akaanza kutikisika mabega kama Omuse, Mungu amrehemu, siku ile ya viti. "Nilikuwa nawahi dagaa," akasema.

Nikaenda jikoni kwa marehemu, nikayatoa maji motoni yakiwa yanaruka, nikayamimina kuzunguka chungu kama alivyonifundisha Mama Perusi. Mvuke ukapanda. Wazee wote waliozoea wakashika mirija yao, wakangoja, wakiutazama utulie. Mheshimiwa Eriya Mangeni, ambaye maishani mwake wengine ndio waliomngoja, akainama akavuta.